Mpini wa Ngozi ya Kamongo

Pua ya Hilda haijawahi kumsingizia mtu. Buhare nzima wanalijua hilo. Akipita nyuma ya nyumba yako atakuambia maharage yanaungua kabla hujajua wewe uliyeyainamia, na ukimletea samaki wa jana ukamwapia ni wa leo, atakutazama tu mpaka uone haya umrudishe mwenyewe kwenye beseni. Mumewe, Thadeo, alimwita Mama Pua, na ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kumwita hivyo. Walikuwa hawajajaliwa mtoto, basi utani wote wa nyumba ile ulikuwa wao wawili.

Kwa hiyo asubuhi ile alipoingia karakana ya mumewe kufagia, akasimama mlangoni na ufagio mkononi, akanusa, hakuwa na shaka. Kulikuwa na harufu ya matope. Matope mabichi, ya chini kabisa, kama ya kidimbwi ambacho ng'ombe wamekinywa na kukikojolea mpaka wamekimaliza. Na kilikuwa kiangazi, mvua hakuna, bati la karakana linalia kwa joto kabla hata jua halijapanda.

Akaifuata harufu mpaka kwenye meza. Juu ya meza palilazwa upanga, na mpini wake ulikuwa umelowa.

Usicheke: ulikuwa upanga wa watu wa angani. Thadeo alikuwa fundi wa madirisha na milango ya aluminiamu, lakini aliletewa kazi ile na Gabriel, kijana wa Butiama anayechapisha fulana. Utotoni Gabriel aliona picha moja kwenye kibanda umiza, vile vya kuonyeshea video kwa kiingilio, picha ya mashujaa wa sayari za mbali, na haikumtoka kichwani hadi alipoota ndevu. Sasa alitaka kutengeneza picha yake mwenyewe juu ya mawe ya Butiama, na alitaka upanga uleule, usipishane na ule hata kwa unene wa ukucha.

Thadeo aliipenda kazi kuliko chakula. Mpini akautoa kwenye bomba la aluminiamu, akauchonga mifereji kwa tupa mpaka vidole vikavimba. Makali yake yalikuwa bomba la plastiki gumu lenye ukungu, ndani akapitisha utepe wa taa, akafunga betri alizozitoa kwenye kompyuta mbovu, na mwishoni akachomea kispika cha redio. Ukibonyeza kitufe, makali yanawaka bluu na upanga unanguruma, vuuum. Siku moja Hilda alimkuta akipigana na jiko la mkaa, mtu mzima na mvi zake.

Kikabaki kitu kimoja. Mpini wa kwenye picha ulivishwa ngozi ya mnyama wa huko angani, ya kijivu yenye madoa, isiyo na mshono popote. Thadeo alijaribu ngozi ya mbuzi, akajaribu na reksini ya makochi. Gabriel aliigeuza mikononi akatikisa kichwa.

"Mshono unaonekana, fundi. Wale hawakuwaga na cherehani."

Ndipo Thadeo akamkumbuka kamongo.

Kama humjui samaki huyu, usiombe kumjua ukiwa umetoka kula. Ni mrefu, mnene kama paja la mtoto, ana mikia minne badala ya mapezi, na anavuta hewa kama mtu. Kwao Hilda, kwa wafuga ng'ombe wa Bunda, kamongo ni nyoka aliyejifunza kuogelea, na hakuna mwanamke wa kwao atakayemtia kwenye sufuria yake. Kwa kina mama yake Thadeo, kule Kibara, wanamla na kunyonya mifupa. Kiangazi majaruba ya mpunga yanapokauka, kamongo huchimba akashuka chini, akajikunja, akatoa ute mwilini. Ute ukikauka unakuwa mfuko kama karatasi, unamfunika wote isipokuwa kitundu cha mdomo, naye analala humo hadi mvua. Ukimchimba kwa jembe unampata ndani ya bonge la udongo, amelala fofofo.

Na huko Kibara wana mwiko mmoja, mdogo, usio na gharama yoyote. Kamongo aliyechimbwa usingizini hachinjwi usingizini. Anatiwa kwanza kwenye maji, anaachwa alowe, afungue kinywa, avute hewa ajue kwamba amekamatwa. Hapo ndipo anauawa. Wanasema aliyeuawa amelala hajui kama amekufa. Thadeo alikulia humo, alikuwa akimwaga maji hayo kwa mkono wake tangu mtoto.

Lakini kamongo aliyeamka anajinyonganyonga, anauma, na ngozi inachanika. Aliyelala analegea, na ngozi yake inavuka nzima kama soksi. Sikio la kufa halisikii dawa. Thadeo alimchimba mmoja aliyelala, akapasua bonge juu ya meza ile ile, akauchana ule mfuko, akakata kuzunguka shingo, akashika kwa kitambaa na kuvuta.

Hilda aliona. Aliiona ngozi ikiachia nyama kwa sauti ya mtu anayevua buti lililojaa maji. Mwili ukabaki wa waridi, unang'aa, hauna hata tone la damu, na Thadeo akautupa kwenye beseni aliloloweka vitambaa. Haukupita muda. Kile kitu kisicho na ngozi kikajinyoosha ndani ya maji, kikainua kinywa juu, kikavuta hewa.

Gwaap.

Hilda alitapika hapo hapo mlangoni. Thadeo alicheka kile kicheko cha mtu anayetaka wenzake wamsaidie kucheka, akakibeba kwa koleo, akakitumbukiza kwenye shimo la choo uani. Kisha akaivisha ile ngozi mbichi kwenye mpini, akaifunga uzi, akaianika. Ikakauka, ikabana, ikawa kama imezaliwa pale. Mshono hakuna.

Sasa, asubuhi hii, ilikuwa imelowa tena.

"Ni umande, Mama Pua," Thadeo alisema.

"Umande chini ya bati?"

"Basi ni mafuta ya ngozi. Yanatokaga."

Hilda aliufuta kwa kitambaa. Kitambaa kikavuta ute, uzi mrefu, na ute ule alipousugua kwa majivu na sabuni na ndimu ulitoka mkononi lakini harufu ikabaki chini ya kucha.

Gabriel alikuja akauchukua. Aliubusu, Mungu amsamehe. Alibonyeza kitufe, makali yakawaka, upanga ukanguruma, na katikati ya mngurumo kitu kikameza hewa. Gabriel akamtazama fundi.

"Hicho kispika," Thadeo alisema haraka. "Kitazoea."

Upanga ulipoondoka Hilda alifungua milango yote, akadeki, akashukuru. Harufu haikuondoka. Ilihama tu, ikatoka karakana ikaja chumbani, ikaingia kwenye mto wa mumewe.

Thadeo akaanza kulala mchana. Hakuwa mtu wa hivyo. Yeye na mchana walikuwa maadui. Sasa akimaliza ugali anajinyoosha kidogo, na kidogo ile inakuwa hadi alasiri, halafu hadi jua linazama, na akiamka anatazama ukuta kama mtu anayejaribu kukumbuka ukuta ni nini. Shuka lake lilikuwa likilowa. Hilda alidhani ni jasho mpaka alipolivuta likakataa kuachia mgongo. Lilipoachia, liliacha utando mwembamba, wa rangi ya kahawa, unaochakarika. Aliuosha mgongo ule akiwa ameubana mdomo, anapumulia pembeni, na moyoni alimwonea huruma mumewe na wakati huohuo alitamani awe mtu wa nyumba nyingine.

"Nanuka, eti?" Thadeo aliuliza kwa unyonge.

"Kidogo."

"Niambie ukweli, Mama Pua. Mimi mwenyewe sisikii kitu."

Hakumwambia. Mchana wa saa za jua kali, kuku wote wakiwa wamejikunyata kwenye kivuli, alikwenda chooni, akainua kifuniko cha mbao, na kabla hajageuka akasikia kutoka chini, katikati ya vile vinavyokuwaga huko chini, kitu kikijisogeza taratibu katika ule uji, kikijizungusha, kikipanda kidogo na kurudi, kama kinachopapasa kuta za shimo kutafuta nguo iliyoanguka, na harufu ya kinyesi aliyoizoea ikapasuliwa katikati na harufu ile nyingine ya tope la kale, ikampanda puani ikamshukia kooni, naye akabaki amesimama ameshika gauni, hawezi kukimbia wala kupumua, mpaka kile kitu kikafika juu ya uji na kuvuta hewa.

Gwaap.

Na ndani ya nyumba, kitandani, Thadeo akavuta hewa vilevile. Hilda aliisikia kupitia dirishani. Pumzi moja, sehemu mbili.

Alileta maji ya baraka kutoka kanisani akamnyunyizia usoni. Thadeo hakushtuka. Midomo yake tu ndiyo iliyofunguka, ikajipinda kuelekea lile tone lililokuwa shavuni, ikalinyonya.

Hapo Hilda akapiga simu Kibara, kwa Nyamburi, mdogo wake marehemu mama mkwe wake, mwanamke aliyewahi kuwatoa watu mapepo ya ziwani hadi wachungaji wakawa wanamtumia wagonjwa kimyakimya. Nyamburi alisikiliza, kisha akauliza.

"Alimuamsha kwanza?"

"Hapana, mama."



"Na ngozi iko wapi?"

Ngozi ilikuja yenyewe. Gabriel aliingia uani siku iliyofuata kwa pikipiki ya kukodi, upanga ameuviringisha kwenye kiroba, mkono wa kuume ameufunga taulo. Alikuwa amekonda. Nyamburi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda amevua viatu.

"Mama, fundi yuko wapi? Sitaki tena huu upanga. Chukueni."

"Tuonyeshe mkono," Nyamburi alisema.

Kijana alifungua taulo. Kiganja kilikuwa cha waridi, kinang'aa, hakina hata mstari mmoja. Alisema alikuwa juu ya mawe kule Butiama, ameushika, mwenzake anampiga picha, wakamaliza, akataka kuuweka chini. Mkono ukatoka. Ngozi ikabaki. Hilda alichungulia ndani ya kiroba na kuiona, glovu nyeupe iliyojikunja, imeng'ang'ania mpini kwa vidole vyote vitano. Akageuka akatapikia kwenye maua.

"Tapika umalize," Nyamburi alisema, wala si kwa ukali. "Kazi hii haitaki mtu wa kinyaa, lakini wewe ndiye mke. Samaki wenu alikufa. Kilichoko chooni si samaki, ni jini la tope. Limekuta mwili usiojua kama umekufa, likaingia. Asiye na ngozi anatafuta ngozi. Ameanza na mkono wa huyu, na sasa anamwandaa mume wako."

Hakupiga ngoma, hakuchoma ubani. Alikaa chini na upanga mapajani, akaumwagia maji mpaka ile glovu ikaachia ikadondoka, kisha akaanza kuivua ngozi ya kamongo kutoka kwenye mpini kidogokidogo kwa vidole gumba, bila kisu, akiiambia maneno ya Kibara ambayo Hilda hakuyaelewa yote. Kitufe kikabonyezeka katika kuhangaika. Makali yakawaka bluu mchana ule, kispika kikalia, na safari hii hakikunguruma kabisa, kilikuwa kinalalamika. Ngozi ikavuka nzima. Nyamburi akaipeleka chooni akaishikilia juu ya shimo.

"Nguo yako hii. Vaa. Ujue umekufa, uende."

Akaiachia. Hawakusikia ikidondoka. Kitu kiliidaka. Kukawa na purukushani chini kule, uvundo ukapanda mpaka Gabriel akaanguka magoti, halafu choo kikatulia kama vyoo vinavyotakiwa kutulia.

Walipoingia chumbani walikuta utando umemfunika Thadeo mzima. Tangu nywele hadi nyayo alikuwa ndani ya mfuko wa kahawia, mkavu, unaong'aa, umebaki na kitundu kimoja tu mdomoni. Kitundu kilikuwa kinavuta hewa.

"Yuko hai," Nyamburi alisema. Akamshika Hilda mabega, akamgeuza wakatazamana. "Sasa nisikilize mwanangu, hapa ndipo watu wanapoharibu. Huu mfuko si uchafu. Yeye mwenyewe yumo, nusu yake imeshahamia humo. Nakwenda ziwani kuchota maji kwa mkono wangu. Nikirudi tutamlowesha, utamwita, ataitika, na akishaitika mfuko utajivua wenyewe. Ukivuliwa kabla, yeye atabaki humo, na mwili mtupu utaingiwa kama ule wa samaki. Usimguse kabla hajaitika. Hata ukichefukwa vipi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Nyamburi akabeba dumu, akaondoka na Gabriel akimsindikiza ufukweni.

Hilda alikaa pembeni ya kitanda. Kwanza alisali. Kisha akamwita, "Thadeo," na kitundu kikavuta hewa bila kujibu. Joto lilikuwa kali na mfuko ulianza kulainika, ukatoa matone, yakashuka kwenye godoro, na pua ile isiyowahi kumsingizia mtu ikampa kila kitu kwa mpigo: tope, kinyesi, samaki aliyesahaulika juani, na chini kabisa, mbali, jasho la mumewe na unga wa aluminiamu, vimefunikwa na ule uoza kama mtu anayepiga kelele chini ya magodoro, naye akajiambia kwamba anakosa hewa, kwamba kitundu ni kidogo, kwamba atampunguzia usoni tu, pale puani tu, mke gani anaweza kumtazama mumewe akiwa amevaa makamasi, na mkono wake ulikuwa umekwisha kwenda.

Aliinua ukingo wa kile kitundu kwa ukucha. Hakuvuta. Anaapa hakuvuta. Utando ukaachia wenyewe, ukateremka shingoni, kifuani, ukavuka mguu mpaka mguu, mzima, kama soksi.

Chini yake Thadeo alikuwa msafi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akafungua macho. Akatabasamu.

Hilda alilia kwa furaha. Akaushika ule mfuko kwa ncha za vidole, ameusogeza mbali na mwili, akakimbia nao uani, na pahali pa kutupa uchafu kama ule anapajua kila mtu. Akafunika kifuniko. Akanawa mikono mara nyingi.

Nyamburi aliporudi alimkuta mgonjwa ameketi kitandani, anatazama vidole vyake. Akalitua dumu taratibu.

"Aliitika kwanza?"

Gabriel alikuwa nyuma yake na mkono wake wa waridi. Wote wawili wanamtazama. Hilda angeweza kusema. Muda ulikuwapo, maji ya ziwa yalikuwapo, mwenye dawa alikuwa amesimama mbele yake. Lakini atasemaje kwamba mume wake mwenyewe alimtia kinyaa? Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Methali hiyo aliijua tangu shule.

"Aliitika, mama."

Nyamburi alimtazama Thadeo muda mrefu, akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akaomba maji ya kunywa. Jioni akapanda gari la Bunda kurudi kwao. Dumu aliliacha.

Nyumba ikawa safi. Thadeo alikula, alioga, hakulala tena mchana. Shuka zilikuwa kavu. Hilda alikuwa akikiweka kichwa kifuani pake na kuvuta pumzi, akivuta tena kwa nguvu zaidi, na pua yake haikupata kitu. Si tope, si jasho, si aluminiamu. Ilikuwa kama kunusa maji.

Mchana wa jua kali, kuku wamejikunyata kivulini, alikwenda chooni. Alipoinua kifuniko, kitu chini kikajisogeza, kikapanda juu ya uji, kikavuta hewa. Halafu, kwa sauti iliyojaa uchafu mdomoni, kwa utani uleule wa siku zote, kikasema.

"Mama Pua. Nimeamka."

Hilda akashika ukuta.

"Mama Pua, mbona giza? Nitoe. Huku kunanuka, hata mimi nasikia."

Dumu la maji ya ziwa lilikuwa bado pale kando ya mlango wa jikoni, limejaa. Akageuka kulifuata. Thadeo alikuwa amesimama kati yake na dumu, msafi, anatabasamu.

"Unaongea na nani, Hilda?"

Tangu walipooana hakuwahi kumwita Hilda.

"Na... nachungulia tu."

Thadeo alimpita kwa upole, akachukua kifuniko, akakirudisha juu ya shimo, akakisawazisha, akasimama juu yake kwa miguu yote miwili. Chini, sauti iliendelea kuita, ikawa ndogo.

"Tutalifukia hili, tuchimbe jingine," akasema. "Kuna kinyaa humu. Njoo ndani."

Na Hilda, kwa kuwa alikwisha kusema mbele ya watu kwamba aliitika, akaenda.